Begi Langu, Mgongo Wangu

Watu husema ukitaka kumjua mwenzio safiri naye. Mie naona hakuna haja ya kufika mbali kote huko. Nendeni Darajani mkanunue begi la mgongoni pamoja. Ndani ya nusu saa utajua kati yenu nani anaamua, nani anatoa pesa, nani anaogopa nini, na nani anadhani mwenzake hawezi.

Usicheke, mpenzi msomaji. Mimi na mume wangu tuliwahi kununua kitanda, friji na pikipiki bila kuinuliana sauti. Lakini begi, hilihili la kubebea maji na sweta, lilitukosesha usingizi wiki nzima. Nakuhadithia kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi wa mjini siku hizi wikiendi tunataka kutoka: Jozani, Jambiani, Mangapwani, wengine mpaka mlimani Kilimanjaro, na begi zuri lina namna yake ya kuchaguliwa. Pili, swali la nani anabeba nini ndani ya ndoa ni kubwa kuliko begi lenyewe.

Kikombe cha kabatini

Tulipofunga ndoa tulipanga Kiponda, ghorofa ya pili, kwenye zile ngazi za Mji Mkongwe unazopanda kama unapanda mnazi. Maji yakikatika nilikuwa nabeba ndoo mwenyewe na wala sikuona tabu. Mwaka wa pili wa ndoa nikashika mimba. Ikafika miezi mitano, ikatoka. Hapo sitasema mengi. Waliopitia wanajua, na ambao hawajapitia Mungu awaepushie.

Ninachotaka kusema ni kilichofuata. Tangu siku niliyorudi nyumbani, mume wangu hakuniachia nibebe kitu. Si ndoo, si kikapu cha sokoni, hata mkoba wangu wa kazini alikuwa anaupokea mlangoni. Mwanzoni nilijisikia malkia. Mwezi wa tatu daktari akanipima, akaniambia nimepona kabisa, nirudi kwenye maisha yangu. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu na alisikia kila neno. Tulipotoka nje akanyoosha mkono kwenye faili nililoshika, faili la karatasi nne, akasema, "Nipe nikubebee."

Mwaka ukakatika hivyo. Ukimwambia mtu kuwa mumeo anakubebea kila kitu, atakwambia unadeka, wenzio wanamtafuta mwanamume wa aina hiyo kwa tochi. Lakini mie nilijiona kama kikombe cha kabatini, kile cha maua kinachotolewa Sikukuu wageni wakija, kikishaoshwa kinarudishwa nyuma ya kioo. Kinapendwa, sikatai. Ila hakinywewi chai.

Basi, mapema mwaka 2023 ofisini kwetu kukapita karatasi: wanaotaka kupanda Kilimanjaro mwezi Septemba wajiandikishe, malipo kidogo kidogo, na mwenza anaruhusiwa. Niliandika majina mawili. Jioni nilipomwambia, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Sawa, tutakwenda. Ila mzigo nabeba mimi." Mpango wake ulikuwa begi moja kubwa la lita 50, vitu vya watu wawili humo ndani, mgongoni kwake. Mie nitembee mikono mitupu kama bi harusi.

Mume wangu ni mzamiaji, anawapeleka watalii chini ya maji huko Nungwi. Mtungi mmoja wa hewa una takriban kilo 15, na yeye anauweka begani kama mtu anayeweka taulo. Kubeba kwake si tatizo. Tatizo lilikuwa kwangu, na sikuwa nimepata maneno ya kulisemea.

Kiuno ndicho kinachobeba

Nilianzia kwa bibi yangu, maana mtu aliyelea watoto tisa anajua mambo ya mgongo. Nilipomwambia natafuta begi, akaguna: "Shanta?" Wazee wetu ndivyo wanavyoliita. Akaniambia niangalie mbeleko. Kanga inapita chini ya makalio ya mtoto, inamkaza kwenye mgongo wa mama, na uzito wake unakaa kiunoni. Mabega yanamzuia tu asianguke nyuma. "Mtoto akining'inia mabegani," bibi akasema, "hufiki hata kisimani."

Amini usiamini, hiyo ndiyo sayansi yote ya begi la mgongoni. Begi la maana lina mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji, na mkanda huo haukai tumboni, unakaa juu ya mifupa ya nyonga. Ukiufunga kwanza, kisha ukakaza mikanda ya mabegani, sehemu kubwa ya uzito inateremka kwenye nyonga na miguu, ambako ndiko kwenye nguvu. Begi lisilo na mkanda huo linafaa kwa daftari na kompyuta ya ofisini. Kwa mwendo wa saa sita linakupa maumivu ya shingo tu, hata liwe la bei gani.

Jambo la pili ni urefu wa mgongo, na si urefu wa mtu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo, kuna mfupa unaochomoza. Anza kupima hapo, shuka na uti wa mgongo mpaka usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Usiku ule mume wangu alinipima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 43. Mie nikampima yeye: 51. Ina maana begi linalomkaa yeye, kwangu mkanda wa kiuno utaniangukia makalioni na uzito wote utarudi mabegani. Kwa hiyo hata siku akichoka akaniachia, begi lake nisingeweza kulitumia vizuri. Nilimwonyesha namba. Akatazama futi, akatazama ukuta, akasema tutaongea kesho.

Wanawake wenzangu, kuna la kwetu pia. Mabegi yaliyoshonwa kwa ajili ya wanawake huwa na mgongo mfupi zaidi na mikanda ya mabegani iliyopinda ili isibane kifua. Ule mkanda mdogo wa kifuani upandishe au ushushe mpaka ukae juu ya matiti, si katikati. Na kama unavaa baibui kwenye mazoezi kama mimi, hakikisha mkanda wa kiuno ni mrefu wa kutosha kupita juu ya nguo. Usione haya kulijaribu dukani hapohapo.

Begi la watu wa theluji

Dukani mjini nililiona begi jipya la lita 30, zuri, rangi ya bahari, shilingi 180,000. Nikalirudisha taratibu kwenye msumari wake. Jumamosi tukaenda Darajani kwenye mitumba.

Huko mabegi yamelundikwa kama mafungu ya muhogo. Mengi ni ya shule, mengine ya kuuza sura tu, yana mifuko kumi na tatu na hayana mgongo. Chini kabisa nikavuta begi moja jembamba, jekundu lililopauka, lenye mikanda ya ajabu ajabu iliyokatiza mbele kwa mshazari. Kijana muuzaji akadaka: "Dada, hilo la Ulaya hilo, la watu wa barafu. Angalia zipu!" Nilipomuuliza ile mikanda ya nini, akasema ya urembo.

Si ya urembo. Usiku niliperuzi mpaka macho yakauma. Lilikuwa begi la watu wanaoteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu wanazofunga miguuni, na ile mikanda ya mshazari ni ya kubebea hizo mbao mtu anapopanda kwa miguu. Nikajifunza kuwa wenzetu hao wana safari za aina mbili. Ya kwanza ni ya siku moja pale penye viti vya umeme vinavyokupandisha mlimani: begi la lita 15 mpaka 25 linatosha, na sharti liwe jembamba ili ukikaa kwenye kiti lisikusukume mbele. Kama umewahi kukaa kwenye daladala ya 502 kwenda Bububu na begi nene mgongoni, utaelewa mara moja.

Ya pili ni ya kwenda porini, kwenye milima isiyo na viti wala walinzi, unapanda kwa nguvu zako ndipo uteleze kushuka. Hapo begi linafika lita 30 mpaka 40, na lina mfuko wa peke yake wa koleo dogo na fimbo ndefu ya kukunja. Theluji ikiporomoka ikamfukia mtu, wenzake wanamtafuta kwa kifaa cha mawimbi ambacho kila mmoja amekivaa mwilini, si kwenye begi, maana begi linaweza kunyofolewa. Wanachoma theluji kwa ile fimbo mpaka waguse mwili, kisha wanachimba haraka, kwa sababu aliyefukiwa hana muda mrefu.

Sasa sikiliza kanuni yao. Kila mmoja anabeba koleo lake, fimbo yake na kifaa chake. Mke na mume hawachangii. Kwa nini? Kwa sababu koleo lako halikuokoi wewe. Ukifukiwa wewe, limefukiwa nalo. Koleo lako ni la kumwokolea mwenzio, na lake ni la kukuokolea wewe. Wakiwa na koleo moja, na aliyelibeba ndiye aliyefukiwa, anayebaki juu atachimba kwa kucha.

Nilifunga simu nikakaa gizani nikiwaza. Nilikuwa nimeyapata maneno.

Kwanza lakini, begi

Nikupe la begi kabla sijafika kwenye ugomvi, maana nilirudi Darajani Jumatatu nikalikagua kama ninayenunua ng'ombe. Mtumba una maradhi yake, hasa huku kwetu pwani. Nilifungua kila zipu mara tano. Nilipitisha mkono ndani kote: kitambaa cha begi huwa kimepakwa utando wa kuzuia maji, na joto na unyevu ukiuharibu unakuwa unanatanata, unanuka na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Ukiukuta hivyo, achana nalo, halitengenezeki. Nilivuta mishono ya mikanda kwa nguvu, nikabonyeza sponji kuona kama inarudi, nikafunga na kufungua vifungo vyote.

Langu lilipita mitihani yote. Lita 30. Ndani ya mgongo lilikuwa na kipande cha chuma chepesi cha kulinyoosha. Lilikuwa linafunguka kwa upande wa mgongoni, ili mtu alilaze kifudifudi kwenye theluji na mikanda isilowe. Huku kwetu ni mchanga badala ya theluji, faida ni ileile. Mkanda wa kifuani ulikuwa na kifungo ambacho pia ni filimbi. Muuzaji alianzia 60,000, nikalichukua kwa 35,000, na kila mmoja wetu akadhani amempiga mwenzake.

Angalizo moja: ukitoka nalo ufukweni lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa zipu. Chumvi haina urafiki na chuma.

Koleo lako haliwezi kukuokoa

Mume wangu alirudi kutoka Nungwi Alhamisi, akalikuta begi limetundikwa mlangoni. "La nani?" Nikasema langu. Akasema, "Si tulikubaliana?" Nikamjibu kuwa aliamua yeye, na mie nilinyamaza, na kunyamaza siko kukubali.

Yaani tulisemeshana. Aliniambia Kilimanjaro si Masingini, nitachoka, nitaumia, watu watamwonaje mwanamume anatembea na mkewe amebebeshwa mzigo. Nilimwacha amalize. Kisha nikamsimulia habari za theluji na koleo. Nikamwambia, "Mume wangu, mie sikatai msaada wako. Mie nataka siku ukifukiwa wewe niwe na kitu mkononi."

Alikaa kimya muda mrefu. Muadhini akaadhini, akamaliza, bado amekaa. Ndipo akasema jambo ambalo mwaka mzima hakuwahi kulitamka. Siku ile mimba ilipotoka, yeye alikuwa Mnemba chini ya maji na wageni, na simu yake ilikuwa kwenye boti, ndani ya ule mfuko wa wazamiaji usioingia maji. Alipopanda juu alikuta simu 14 za mama yangu. "Ulibeba peke yako," akasema. "Sikuwepo. Toka siku ile kila nikikuona umeshika kitu, naona ile simu."

Kumbe ndoo zote zile, vikapu vyote, faili la karatasi nne, alikuwa analipa deni ambalo mie sikuwahi kumdai. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Nilimwambia hivyo na tukalia wote wawili, kisha tukala, maana wali ulikuwa unapoa.

Tulikubaliana mabegi mawili. Yeye akatafuta lake kwa mgongo wake wa sentimita 51. Tena akaleta la maana: mifuko miwili ya wazamiaji, mmoja kila begi. Mlimani hali ya hewa inageuka ghafla, na koti la begi la nje peke yake halizuii mvua inayopenya mgongoni. Weka nguo kavu ndani ya mfuko usioingia maji. Na usitegemee rambo: Zanzibar mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2006, na Tanzania Bara tangu Juni 2019.

Mazoezi

Unguja hatuna mlima. Tuta letu refu halifiki hata mita 150, na sisi tulikuwa tunakwenda kwenye kilele cha mita 5,895. Basi tukafanya mazoezi ya begi. Kila Jumapili asubuhi tulitia chupa nne za maji za lita moja na nusu, ambazo ni kilo 6, tukatembea kutoka mjini kwenda Bububu na kurudi, kama kilomita 20 hivi. Siku za kazi nilipanda ngazi zetu za Kiponda mara kumi nikiwa nalo mgongoni. Majirani walidhani nimeachika nahama kidogo kidogo.

Hapo ndipo nilipojifunza kupakia. Kizito, kama maji, kikae karibu na mgongo, katikati. Chepesi kama sweta kiende chini. Unachokihitaji haraka kiwe juu: koti la mvua, karanga, kofia. Ukiweka kizito mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma kama mtoto anayelia pipi. Na ukifika kilomita ya tano bega likauma, usivumilie. Simama, legeza yote, anza tena kwa mkanda wa kiuno.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: kwenye Kilimanjaro hubebi kila kitu. Mzigo mkubwa wanabeba wapagazi, na hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, mizigo inapimwa getini. Kwa hiyo ule mpango wa lita 50 haukuwa na kazi. Unachobeba mwenyewe ni vya mchana tu, na lita 25 mpaka 30 zinatosha. Kilo yoyote ya urembo uliyoitia kwenye begi kubwa inakwenda kwenye shingo ya mtu mwingine. Sisi watu wa Zanzibar tunapaswa kulijua hilo kuliko wote. Karne ya 19 misafara iliyopangwa hapahapa kwetu ilikwenda Tabora na Ujiji kwa vichwa na mabega ya wapagazi, takriban frasila mbili kila mtu.

Usiku wa Kibo

Septemba tukavuka kwa boti, ambayo nayo kwa jina inaitwa Kilimanjaro, tukalala Dar, alfajiri basi la Moshi. Mume wangu alikuwa ameacha kuzamia siku kadhaa kabla, kwa sababu kutoka chini ya maji na kwenda moja kwa moja kwenye mwinuko ni hatari kwa mwili. Mifuko ya kulalia ya baridi kali tulikodi Moshi, maana kuinunua kwa usiku tano ni kutupa pesa.

Tulipita njia ya Marangu, ile yenye vibanda vya kulala. Mandara tukapata mvua ya msituni, na ndani ya mabegi kukavu kabisa, wazamiaji oyee. Horombo, mita 3,720, tukakaa siku mbili mwili uzoee. Halafu Kibo, zaidi ya mita 4,700, ambako unaanza kupanda usiku wa manane ili ufike juu alfajiri.

Kabla hatujatoka Kibo tuligawana kila kitu mara mbili. Dawa, nusu kwangu nusu kwake. Taa, kila mtu yake. Maji lita mbili kila mmoja, chupa tumezipindua kichwa chini ndani ya soksi, maana maji huanza kuganda kwa juu na chupa ikisimama wima mdomo unaziba. Mrija wa maji wa begi langu ulikuwa na ala ya kuzuia baridi, bado uliganda, kwa hiyo chupa ndizo zilizotunywesha.

Tulipita pango la Hans Meyer, zaidi ya mita 5,100. Hatua kadhaa mbele mume wangu akatapika. Akajitahidi, akatapika tena, akawa anayumba. Kiongozi wetu alimmulika usoni, akamuuliza maswali mawili, akasema, "Kaka, wewe unashuka. Sasa hivi." Huko juu ugonjwa wa mwinuko haubembelezwi, dawa yake ni kushuka, na anayeamua ni kiongozi.

Nikasema nashuka naye. Mume wangu akanishika mabega, akatazama begi langu, akakaza mkanda wa kifuani uliokuwa umelegea. Akasema, "Una maji?" Ninayo. "Una sweta la pili?" Ninalo. "Basi nenda."

Alishuka na msaidizi wa kiongozi, begi lake mgongoni kwake, na maji yake, na dawa yake, na koti lake. Hebu fikiria vingekuwa begi moja. Pale gizani, na ule upepo, tungesimama kugawana soksi. Au angeshuka navyo vyote nikabaki na mikono mitupu ya bi harusi, au angeniachia akashuka bila kitu.

Nilipanda nikilia kidogo, siyo kwa huzuni. Changarawe zinakurudisha nyuma, unapiga hatua tatu unapata mbili. Jua lilichomoza nyuma ya Mawenzi nikiwa Gilman's, karibu mita 5,700. Kiongozi akaniuliza kama naendelea Uhuru. Nikaupima mwili wangu mwenyewe, bila mtu wa kunipimia, nikasema hapa panatosha. Nikanywa maji yangu, nikashuka.

Kibo nilimkuta amekaa nje ya kibanda, amepata rangi, ana chai ya tangawizi mkononi. Alinyoosha mkono kwenye begi langu kwa mazoea. Halafu akausimamisha hewani. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo akanifungulia kifungo cha kifuani na cha kiunoni. Begi nikalivua mwenyewe.

Kabla hujalipa

- Jiulize begi ni la nini. La matembezi ya siku moja, lita 15 mpaka 25. La mlima ambao wapagazi wanasaidia, 25 mpaka 30. La kubeba kila kitu mwenyewe siku kadhaa, kubwa zaidi. Begi kubwa hujazwa tu, hata kwa visivyo na kazi.
- Pima mgongo wako, si urefu wako.
- Litie kilo 5 au 6 hapohapo dukani, tembea dakika kumi. Muuzaji akikataa, nenda kwa jirani yake.
- Mkanda wa kiuno kwanza, mabega baadaye, kifua mwisho.
- Ukivaa, unapaswa kuweza kuinua kichwa na kutazama juu bila begi kukugonga kisogo.
- Rangi na jina la kampuni viwe vya mwisho kabisa.
- Kama ni safari ya mwinuko na uliwahi kuugua au kupoteza mimba, muone daktari kwanza.

Siku hizi ndoo ikijaa tunaishika wote, huku na huku, au anayeikuta kwanza anaipandisha. Begi jekundu linakwenda nami ofisini na kompyuta ndani, na Jumapili linakwenda Bububu. Mume wangu bado anapenda kunibebea vitu. Sasa huuliza kwanza, na mie siku nyingine namwambia haya, beba, maana nimechoka kweli.

Wikiendi hii, kama mna safari, hata ya Jozani tu kuwaona kima punju, msianzie dukani. Zimeni televisheni, chukueni futi ya fundi cherehani, mpimane migongo. Ukimaliza kumpima mwenzio, muulize kwa sauti ya chini ni kitu gani anakibeba ambacho hajawahi kukwambia.